Kwenda Shelui Ndani ya Stoo

Baiskeli ya baba ilifungwa ndani ya stoo yetu, gurudumu la nyuma likining'inia hewani, nami nikaambiwa nipande niende. Niende wapi, sikuambiwa.

Stoo yenyewe iko nyuma ya nyumba yetu, Singida mjini, na kabla ya hapo ilikuwa ya madumu ya mafuta na magunia matupu. Mimi ni mfanyabiashara wa alizeti. Nanunua vijijini, nakamua, nauza. Ni kazi hiyo hiyo iliyonivunja mguu. Tulikuwa tunapakia lori Shelui, kamba ikaachia, gunia likaporomoka na kunikuta nimepiga goti chini nikifunga mdomo wa gunia jingine. Mfupa ulivunjika chini kidogo ya goti. Nikafungwa plasta, nikakaa nayo mpaka nikaichukia kama mtu aliyenikosea, na ilipotolewa nikakuta mguu umekonda na goti halikunjiki. Nikiketi, mguu ulibaki umenyooka mbele yangu, na kila aliyepita aliuruka.

Binti wa mazoezi ya viungo hospitalini, ambaye ni wa umri wa mwanangu wa kwanza, alilipima goti kwa kipimo cha plastiki kinachofanana na kile cha hesabu za shule, akatikisa kichwa.

"Baba, mfupa umeunga vizuri," akasema. "Tatizo ni goti. Limeshazoea kunyooka. Usipolilazimisha sasa, litabaki hivyo hivyo."

"Mpaka lini?"

Akanitazama kwanza, kama anayepima kama kweli nataka jibu. "Mpaka mwisho, baba."

Akanielekeza nitafute baiskeli, niifunge isiende, nikanyage ndani ya nyumba asubuhi na alasiri. Siti ianze juu, maana siti ikiwa juu goti hukunjwa kidogo tu. Kadiri nitakavyopata nafuu, niishushe. Siku nitakayoweza kukanyaga siti ikiwa chini kabisa, nitaweza pia kuchuchumaa na kupiga magoti. Kisha akaniuliza, kalamu mkononi, ninataka niweze kufanya nini hasa. Nikamwambia nataka kusali bila kiti, nimechoka kukaa mwisho wa safu na wazee. Hilo lilikuwa kweli, ila halikuwa kweli yote.

Kweli yote ni kwamba baba yangu alikuwa anakufa, na mimi ndiye mtoto wake pekee wa kiume.

Kwetu maiti hapokelewi na mtu baki. Wanaume wa karibu hushuka kaburini, humpokea kwa mikono yao, humlaza ubavu wa kulia kuelekea kibla, hufungua vifundo vya sanda. Mtoto wa kiume ndiye wa kwanza kushuka. Na mle chini ni pembamba. Huwezi kumlaza mtu ukiwa umesimama wima kama nguzo, lazima uiname, upige goti, ujikunje. Nilipokuwa bado mwanafunzi, tulimzika babu. Nilisimama ukingoni nikamwona baba akishuka, akipotea mpaka kifuani, kisha akitoka na udongo umemfika kwenye viwiko. Alinishika bega kwa mkono ule ule mchafu. "Umeona?" akasema. "Siku yangu usimwachie mtu." Hakurudia tena maneno hayo maisha yake yote. Aliyasema mara moja yakatosha.

Sasa moyo wake ulikuwa umechoka. Miguu ilivimba, pumzi ilikuwa fupi, akilala alilala nusu ameketi, mito nyuma ya mgongo. Daktari alitupa dawa na akatuambia tumpe chakula anachokipenda, na sote tulijua maana ya daktari kusema hivyo. Kwa hiyo nilikuwa nashindana na moyo wa baba yangu. Goti lingekunjika kabla moyo haujasimama, au lisingekunjika. Ndilo jambo nililoamka nalo kila siku, na sikuweza kumwambia mtu hata mmoja. Ningemwambia nani? Mtu akiwa hai, kaburi lake halizungumzwi. Huo ni uchuro. Mke wangu angeshika kinywa. Mama, ambaye akikasirika huacha Kiswahili na kuhamia Kinyaturu, angenitolea maneno ambayo mpaka leo yangekuwa yananiwasha.

Niliomba baiskeli kwa baba mwenyewe. Ni ile nyeusi, nzito, yenye fremu ya kiume, aliyoitumia ujana wake kupeleka kanga na chumvi vijijini, Kinyangiri huko, mpaka Shelui.

"Ya nini, na mguu huo?" akauliza.

"Ya mazoezi, baba. Haitatembea."

"Haitatembea," akarudia, kama mtu anayeonja mchuzi ambao chumvi imesahaulika. Akafikiri. "Haya. Lakini usiitie mafuta ya alizeti kwenye cheni. Nakujua wewe."

Fundi wa kuchomelea akaitengenezea miguu ya chuma kule nyuma, gurudumu likainuka, akaweka na kipande cha mpira wa tairi la lori kinachobana gurudumu kwa skrubu. Ukikaza skrubu, pedeli zinakuwa nzito. Ukilegeza, zinakuwa nyepesi. Nikaiweka stoo, ukutani. Upande wa pili wa ukuta huo ndipo kilipokuwa kichwa cha kitanda cha baba.

Siku za mwanzo sikuizungusha. Nilikuwa namwaga jasho nikiwa sijamaliza hata mzunguko mmoja. Pedeli ilipanda, ikafika karibu na juu, goti likagoma, nikairudisha nyuma. Mbele kidogo, nyuma kidogo. Mke wangu alichungulia akasema, "Unabembea mtoto?" Nilikaa na maumivu hayo nikitetemeka, nikisikiliza ukutani. Baba alikohoa. Nikasukuma. Baba akanyamaza. Nikasukuma zaidi, kwa hofu ya ule ukimya. Siku mguu ulipovuka pale juu kwa mara ya kwanza, nilipiga ukelele hata mama akaja mbio, mwiko mkononi, ugali umeachwa motoni, akidhani ni upande wa pili wa ukuta. Alinikuta nalia na gurudumu linazunguka. Akageuka, akarudi kwenye ugali wake.

Watu hudhani kazi ngumu ni maumivu. Maumivu yana heshima yake, unayaona yanakuja. Kazi ngumu ni kuchoshwa. Mtu unakanyaga, unakanyaga, mbele yako kuna ukuta na madumu matupu, na ukishuka uko pale pale ulipopandia. Kila alasiri nilijitafutia sababu. Mara mgeni amekuja. Mara upepo unaingiza vumbi. Mara nimekula nikashiba mno, na mara sijala. Kila nilipojidanganya hivyo, wazo lile lilinirudia, nikaona watu wamesimama ukingoni wananitazama, na mimi na mguu wangu wa nguzo, na mtu mwingine anashuka. Nilipanda kwa hofu. Lakini hofu hukuinua asubuhi tu, jioni inakuwa imekuchosha yenyewe.

Binti yangu aliye chuo Dodoma alinitumia video kwenye simu. Wazungu wako ndani ya vyumba vyao, wanaendesha baiskeli zilizofungwa kama yangu, na mbele wamewekewa skrini kubwa inayoonyesha milima na barabara. "Baba, cheki wenzako," akaniambia kwa simu. "Wewe weka hata muziki, utapata mzuka." Niliweka redio. Taarifa ya habari ilinipunguza nguvu. Mpira ulinisaidia mpaka timu yangu ilipofungwa, nikashuka kwa hasira kabla ya wakati. Nikajaribu kuhesabu mizunguko, lakini kuhesabu kulikuwa kubaya kuliko vyote, maana bila kujua nilikuwa nahesabu pumzi za baba.

Mwishowe nikajitengenezea skrini yangu kichwani. Nikaamua ninakwenda Shelui.

Njia hiyo ninaijua kwa mwili. Nilitoka mjini, yale mawe makubwa yakiwa kushoto na kulia, upepo ukinipiga ubavuni kama unavyompiga kila mtu hapa. Nikapita mashamba ya alizeti, vichwa vimeinama. Nikafika Misigiri, nikawaona akina mama na ndoo zao za vitunguu, nikawapungia. Nikakata kuelekea Sekenke. Pale juu, kabla barabara haijateremka, bonde lote liko chini yako na joto linapanda kukupokea. Hapo nilikuwa nalegeza skrubu ya ule mpira, pedeli zikawa nyepesi, nikashuka na malori yanayonguruma kwa gia nzito na kunuka breki. Chini, tambarare, kisha Shelui. Nikishafika nilishuka kwenye baiskeli, nikajifuta jasho kwa kanga ya mke wangu, nikaenda kuoga. Kesho yake nilianza tena mjini. Kurudi sikurudi hata siku moja, maana kurudi ni kuipanda Sekenke, na goti langu lilikuwa na shida zake za kutosha.

Ikanisaidia. Nikaanza kushusha siti, upana wa kidole kimoja leo, kingine wiki inayofuata.

Halafu ikaja habari ya visu. Joto lilizidi nikaacha mlango wa stoo wazi, na kwetu baiskeli iliyosimama huku gurudumu linazunguka ni ya fundi wa kunoa visu, haina maana nyingine. Jirani yetu, mama wa nyumba ya pili, akaingia na visu na panga ndani ya beseni.

"Shemeji, kumbe umefungua kazi! Hongera. Riziki haichagui."

Nikamwambia hili ni zoezi la mguu. Akatazama gurudumu, akanitazama mimi, akaona namficha bei. "Haya, utaninolea ukipata nafasi. Lakini viwe vikali, shemeji. Wageni wakija wengi, jikoni huwa tabu."

Akaacha beseni akaenda. Nami nikabaki juu ya siti, miguu imesimama. Wageni wakija wengi. Mtaani kwetu, wageni wengi kwa mpigo na visu vya jirani kukusanywa ni jambo gani kama si msiba? Alikuwa amepita kumjulia hali baba asubuhi ile ile. Alikuwa ameona nini ambacho sisi tuliomzoea hatukioni? Nilishuka, nikaenda nikachungulia chumbani kwa baba. Alikuwa ameketi anakunywa uji. Akaniuliza nimepotelewa na nini. Nikasema natafuta kanga. Baadaye mke wangu akaniambia jirani anatarajia kupokea posa ya binti yake, ndiyo maana anahangaika na visu. Nikarudi stoo, nikalisogeza beseni pembeni. Na wanawake wengine wawili walileta visu kabla wiki haijaisha.

Sijui niliseme vipi lililofuata, ila nitalisema lilivyokuwa. Kadiri goti lilivyopata nafuu, baba alizidi kuzorota. Nilishusha siti, naye akaacha kula ugali, hata kwa mlenda anaoupenda. Nikashusha tena, akaacha kutoka uani kuota jua. Binti wa mazoezi alipima akafurahi mpaka akapiga makofi. "Bado kidogo tu, baba! Ukishusha siti mara moja tu, umemaliza." Njiani kurudi nilikuwa nimelowa jasho na sikuwa nimefanya zoezi lolote. Wazo lilikuwa limeniingia na halikutaka kutoka: kwamba mzee ananingoja. Kwamba Mungu amempa muda mpaka goti langu litakapokuwa tayari, na nitakaposhusha siti ile mara ya mwisho, nitakuwa nimetoa ruhusa.

Mtu mwenye akili zake hasemi hivyo. Mimi nimesoma, nafanya biashara, najua mafuta ya alizeti yanapanda bei kwa sababu na kushuka kwa sababu. Lakini jioni ile nilishika spana, nikaiweka kwenye nati ya siti, na mkono haukuizungusha. Nikaifunga stoo. Kesho yake sikuifungua. Mke wangu akiuliza, mguu unauma. Mama akiuliza, nina homa. Ile hofu iliyokuwa ikinipandisha kwenye siti sasa ndiyo iliyonizuia nisipande. Nilikuwa nimemwekea baba yangu uhai wake kwenye goti langu, na goti nikaligandisha, na kila asubuhi nilipomkuta hai nilijiambia, unaona?

Goti halikukubali kugandishwa bure. Likaanza kukaza tena. Nikiinuka kitandani lililia kama mlango.

Baba akaniita alasiri moja, wakati mama ameenda kusali. Nilimsalimia, akaitikia kwa kidole, maana marahaba ndefu zilimmalizia pumzi. Nikavuta kigoda, nikaketi, mguu nimeunyoosha pembeni.

"Mbona baiskeli yangu haisikiki?"

"Mguu unauma kidogo, baba."

"Ulipouma sana ilisikika." Akapumua. "Ukiwa pale juu, huwa unakwenda wapi?"

Niliona aibu. Mtu mzima, mwenye mvi. "Shelui," nikasema.

Akafumba macho, nikaona anatabasamu. "Nilijua ni mbali. Nilijua na kuna mteremko, maana mwishoni gurudumu linakuwa jepesi. Nikasema huyu anashuka Sekenke." Akatafuta pumzi. "Mimi nilikuwa nashuka na mzigo wa chumvi nyuma. Breki zinanuka. Nimelala hapa, nasafiri na wewe kila siku. Sasa umeniacha njiani."

Niligeuka nikautazama ule ukuta.

"Unaogopa," akasema. Hakuuliza. "Unaona ukipona ndiyo umeniruhusu."

Nilianza kulia kama mtoto, mbele ya baba yangu, na sikujifuta. Sijui alijuaje. Labda alikuwa ameshasimama mahali hapo kwa baba yake, akasikiliza pumzi kupitia ukuta mwingine. Sikumwuliza, na sasa hakuna wa kumwuliza.

"Sikiliza, baba," akaniambia, kwa kuwa aliniita baba akitaka kunibembeleza. "Siku yangu iliandikwa kabla goti lako halijavunjika. Hata kabla hujazaliwa na goti. Yangu mwachie Mwenyezi Mungu. Wewe nilikwambia neno moja tu, na unalikumbuka."

"Nalikumbuka."

"Basi nenda ukanyage, nisikie."

Nilikwenda. Nilishika spana, nikafungua nati, nikaishusha siti mpaka mwisho wa bomba lake, na spana ikagonga chuma. Nilijua anasikia. Pedeli ilipofika juu, goti liliwaka moto, nikalipitisha. Nikapita kwenye mawe. Nikapita Misigiri. Pale Sekenke niliulegeza mpira taratibu, ili na yeye ashuke vizuri.

Hakufa siku ile. Hilo ndilo lililonishinda kuelewa, kwamba nilishusha siti na jua likazama na likachomoza, na baba akaomba chai. Hakufa wiki ile wala iliyofuata. Asubuhi moja alitaka kutia udhu mwenyewe badala ya kutayamamu kwa udongo mkavu, mama akaleta beseni, na mimi nikasema leo nitaiosha miguu mimi. Nikajishusha. Goti la kwanza likagusa sakafu, na lile la pili, lile bovu, likafuata, likanung'unika, likagusa. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya baba yangu na sikuwa nimeshika kitu. Miguu yake ilikuwa imevimba, ngozi inang'aa, kidole kilipobonyeza palibaki shimo. Nikamwagia maji mpaka kwenye vifundo. Aliweka kiganja kichwani pangu, nikangoja aseme neno.

"Maji ya baridi," akasema.

Aliondoka asubuhi, baada ya mama kumfungulia dirisha. Mama alikuwa anamweleza kwamba kuku wametoka, akaona hamjibu. Adhuhuri watu walikuwa wamejaa uani. Jirani alikuja na visu vyake, akakata vitunguu mpaka jioni, na sikumchukia hata kidogo.

Makaburini mabinamu zangu walinitazama mguu. Mmoja, aliyekuja kutoka Issuna, akanivuta pembeni. "Kaka, sisi tutashuka. Wewe simama hapa juu, Mungu anaona nia." Alisema kwa upole, na alikuwa na haki, maana alikuwa ameniona na magongo. Nikamwambia ashuke, lakini anifuate. Nikavua viatu, nikaketi ukingoni, nikajiachia.

Chini kulikuwa na ubaridi na harufu ya udongo wa ndani usiowahi kuona jua. Wakamshusha. Nilimpokea mabegani, binamu akapokea miguu, na alikuwa mwepesi kiasi kwamba nilidhani wa juu bado wamemshikilia. Nikainama. Nikapiga goti. Goti lilikunjika, lote, bila neno, kwenye nafasi ambayo isingetosha mguu ulionyooka. Nikamlaza ubavu, nikamwegemeza ili asilale chali, nikafungua vifundo, kile cha kichwani nikakifungua mwisho. Hofu iliyokuwa imenikalia miezi yote ile niliitafuta pale chini, sikuiona. Tukapanga mbao za kumfunika. Binamu akashika ukingo, akaruka, akatoka.

Ikabaki zamu yangu, na ndipo nilipogundua kwamba siwezi kutoka.

Nilishika ukingo, nikaweka mguu ukutani, nikausukuma, na goti halikuwa na nguvu ya kuinua hata kuku. Nikajaribu tena, udongo ukaporomoka. Mazoezi yote yale, na kila siku nilikuwa nashuka. Nilikuwa nimejifunza kukunja, sikujifunza kunyanyuka. Mle kaburini, Mungu anisamehe, nilisikia kicheko kinanijia, kikageuka kilio. Watu wakanyoosha mikono. Wakanishika kwapani, wakanivuta kama gunia, nikatoka kwa tumbo, kanzu imechafuka, viwiko vimejaa udongo.

Hilo lilikuwa mwanzoni mwa eda ya mama. Anakaa ndani, kwenye chumba kile kile, kichwa cha kitanda kwenye ukuta ule ule. Stoo niliiacha imefungwa, maana sasa nakanyaga kwa ajili ya nani? Goti linasali, linachuchumaa, limefanya kazi liliyoombwa. Binti wa mazoezi anasema misuli ya paja bado, kwamba ngazi zitanishinda uzeeni, nami huitikia tu.

Lakini nyumba ilikuwa kimya mno. Alasiri moja nilifungua mlango, nikafuta vumbi la siti, nikapanda. Sikuanzia mjini. Nilianzia Shelui, nikarudi. Tambarare ilikwenda vizuri. Nilipoufikia mlima niliinama nikaikaza skrubu ya mpira mpaka mwisho, pedeli zikawa nzito kama zimezamishwa kwenye tope, paja likaanza kuungua, nami nikataka kushuka.

Ndipo mama akagonga ukuta.

"Leo umefika wapi?"

Miguu ilikaribia kusimama. Sikuwahi kumwambia mama habari ya safari.

"Baba yako alikuwa akiniambia," akasema kutoka ng'ambo ya ukuta. "Kila siku. Sasa yuko Misigiri. Sasa anashuka. Sasa kafika, mpelekee maji."

Nilikanyaga. Jasho lilikuwa limeniingia machoni.

"Niko Sekenke, mama," nikasema. "Napanda."

"Haya," akajibu. "Panda polepole. Nakusikia."